Vumbi Jeupe: Shajara ya Muuguzi wa Kusini mwa Pwani

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kliniki ya presha leo ilikuwa na sura ngeni. Tumezoea kina bibi, na wazee wachache waliostaafu kazi za hoteli kule Diani. Leo wameingia vijana watatu kwa pamoja, nguo zimelowa vumbi jeupe mpaka mishono haionekani. Mmoja miaka 34: 158 kwa 102. Mwingine miaka 29: 146 kwa 94. Wa tatu hakutaka hata kuketi, lori linamngoja, nikampima huku anaangalia mlango. Namba yake nimeiandika kwa penseli, siitegemei. Wote ni wa timbo moja, la mawe ya kukata, huko ndani mbali na lami.

Nikawaambia tunayowaambia wote. Chumvi, mafuta, sigara, mazoezi, punguza mawazo. Kwenye mazoezi yule wa 34 akacheka, na ana haki: mtu anainua mawe tangu alfajiri, mimi namhubiria mazoezi. Ila kilichonikaa kichwani ni sauti zao. Walikuwa wanazungumza kwa nguvu, wao kwa wao, na benchi ni moja, hata kina bibi wakageuka wakidhani kuna ugomvi. Hapakuwa na ugomvi. Hawajisikii.

Jumatano, 22 Januari

Nimekwenda timboni na dada yetu mhudumu wa afya ya jamii. Ana lile begi walilogawiwa 2023, wahudumu wapatao laki moja nchi nzima, na ndani mna mashine ndogo ya presha ya betri. Nikachukua na yangu ya mkono, pamoja na stetoskopu, kwa kuwa mashine za betri siziamini mpaka nizilinganishe.

Timbo ni shimo pana, kuta zimesimama wima na mistari ya msumeno bado inaonekana. Jiwe lenyewe ni matumbawe ya zamani sana, ya enzi ambazo bahari ilikuwa juu kuliko ilipo leo, miaka zaidi ya laki moja iliyopita. Ukisogeza uso unaiona nakshi ya matumbawe yenyewe, vijishimo vilivyojipanga, na hapa na pale gamba la chaza. Mashine inatembea juu ya reli mbili. Misumeno ya mviringo inakata mistari ya urefu, halafu ya upana, halafu unakuja mkato wa chini wa kulitenga jiwe na mwamba. Vijana wanafuata nyuma na mitaimbo, wanang'oa na kupanga: tisa kwa tisa huku, sita kwa tisa kule. Nusu ya nyumba za Ukunda zimetoka kwenye mashimo ya namna hii.

Kelele siwezi kuiandika. Msumeno ukiwa hewani unalia. Ukigusa jiwe unapiga yowe, na yowe lenyewe unalisikia kifuani kwanza. Kuna kipimo cha mtu asiye na kifaa. Simama na mwenzako umbali wa mkono ulionyooshwa. Ikibidi upaze sauti ili akusikie, kelele imefika desibeli 85 au imepita. Mimi na dada tuliwekeana mdomo sikioni na bado hatukuelewana. Opareta husimama hapo tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa. Masikioni amepachika pamba aliyoichuna kwenye mto wake wa kulalia. Pamba ya namna hiyo haizuii kitu cha maana.

Tukampima nyuma ya mwembe, wanapopikia uji. Nilimfuta mkono kwa kitambaa cha maji, ukatokea ukanda mweusi wa ngozi kati ya kiwiko na bega. Juu yake kweupe, chini yake kweupe, na vumbi limeshika kwenye vinyweleo mmoja mmoja. Hapo ndipo nikafunga mkanda. Kanuni inataka mtu aketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asizungumze, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, na pawe kimya. Dakika tano tulikuwa nazo. Kimya hatukuwa nacho. 164 kwa 100. Nikataka kuhakikisha kwa mashine ya mkono: nikapuliza, nikaachia taratibu, sikusikia lolote. Zile sauti za mshipa alizozieleza daktari Mrusi Korotkoff mwaka 1905, ndizo hizo hizo tunazosikiliza mpaka leo, zilimezwa na msumeno. Nilichokiona ni sindano ikishuka tu.

Tumekubaliana waje zahanati kabla ya kuingia zamu, wale watakaoweza.

Usiku huo huo

Masikio yangu yanalia mpaka sasa.

Nijiandikie ninachokijua, kwa sababu mchana nilijaribu kumweleza dada yetu nikachanganya mambo. Sauti kubwa ikiingia, ubongo huichukua kuwa ni hatari. Neva za kujihami zinaamka, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, mishipa midogo inabana, moyo unakaza mwendo. Likitokea mara moja limekwisha. Likitokea kutwa, kila siku, mwaka hadi mwaka, mishipa inakaa katika kubana na kuta zake zinakuwa ngumu. Wenyewe wanasema wamezoea. Akili inazoea kweli. Moyo hauzoei: watu waliopimwa wakiwa wamelala, mapigo yao yaliruka magari yalipopita nje, na asubuhi hawakukumbuka kusikia gari.

Vumbi lina njia yake. Chembe kubwa zinakwama puani na kooni, ndiyo makohozi meupe anayotema opareta. Ndogo sana, zile za maikroni 2.5 kushuka chini, zinafika mwisho wa mapafu, zinaamsha uvimbe, na uvimbe huo unaingia kwenye damu na kuisumbua mishipa. Mwaka 2002 Robert Brook na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Toronto: watu 25 wenye afya zao walivuta hewa yenye chembe ndogo pamoja na ozoni kwa saa mbili, na mshipa wa mkono ukasinyaa; walipovuta hewa iliyochujwa haukusinyaa. Saa mbili. Lakini zile zilikuwa chembe za mjini, moshi wa magari umo ndani yake, na hili ni vumbi la jiwe la chokaa. Jaribio hilo sitalisukuma mbele kupita lilipofika.

Jumapili, 9 Februari

Nimepekua daftari letu la presha. Jina, umri, kijiji, simu, kipimo, dawa. Kazi haimo. Miaka yote hii tunaandika "wasiwasi" na "chumvi nyingi" pembeni, na hakuna hata ukurasa mmoja unaosema huyu mtu anashinda wapi.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena, alichapisha mwaka 1700 kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na akawataka madaktari wenziwe waongeze swali moja kwenye yale waliyorithi kwa Hippocrates: mgonjwa anafanya kazi gani. Aliwaandika wachonga mawe na vumbi lao. Aliwaandika wafua shaba wa Venice waliopoteza masikio kwa nyundo zao wenyewe. Nimechukua rula, nimechora safu.

Tangu nianze kuuliza yanatoka mambo. Mama mmoja wa miaka 38 ambaye siku zote nimemjua kwa jina la mtoto wake, kumbe ana mashine ya kusaga unga. Chumba ni cha bati, mlango mmoja, kelele inapiga ukuta na kumrudia, na unga unaelea hewani mpaka balbu haionekani vizuri. Seremala wa Ukunda, randa ya umeme tangu asubuhi. Mwingine hulala jirani na jenereta ya mahali anapolinda. Na wale wanaosema "sina kazi, Sista", halafu ukidadisi unakuta wanaponda kokoto kwa nyundo nyumbani, na watoto wao wamekaa nao kwenye lile vumbi.

Jumanne, 18 Februari

Kijana wa leo alikuwa mgodini kwa Base Titanium. Mgodi ulianza 2013, meli ya kwanza ya madini ikaondoka Likoni Februari 2014, na Desemba iliyopita uchimbaji ukafika mwisho kwa kuwa mchanga wenye madini umekwisha. Sasa yumo timboni kwa kibarua. Anasema siku ya kwanza aliuliza viziba masikio vinapatikana wapi, wakamcheka wiki nzima, na jina wamempa: "Bwana Masikio". Presha yake 128 kwa 82. Ana miaka 31. Nimemwambia aje tena baada ya miezi mitatu, na nimeiandika namba hii kwa kalamu ya wino.

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni siku ya masikio duniani. Ramadhani imeanza, timbo linaingia kazini mara baada ya alfajiri na kufunga adhuhuri, kwa hiyo kwa mwezi huu kelele imepungua kwa baraka za mwezi wenyewe.

Shemeji amekuja kufuturu. Yeye ni mtu wa usalama kazini, kiwandani Mombasa, na kanuni amezikariri. Kwa kanuni za kelele za 2005, mfanyakazi asiwekwe kwenye desibeli zaidi ya 90 kwa saa nane ndani ya saa ishirini na nne, na kishindo cha ghafla kisipite 140. Ikipita 85, mwenye mahali pa kazi awe na mpango ulioandikwa wa kupunguza kelele na kulinda masikio. Akanikumbusha pia kwamba kila desibeli tatu zikiongezeka nguvu ya sauti huwa maradufu, maana yake 93 ni mbali na 90 kuliko watu wanavyodhani. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayoshika kila mahali watu wanapofanya kazi, shimo la mawe likiwemo. Na kuna ile ya fidia, WIBA, ya mwaka huo huo: uziwi wa kelele umo katika orodha ya magonjwa ya kazi, na ugonjwa wa mapafu wa vumbi la madini umo.

Nikamwuliza, na presha?

Akamaliza tende kwanza. "Shemeji, presha ni ya kila mtu. Utaithibitishaje kuwa ni ya kazi?"

Jibu ni la haki na limeniudhi. Sheria imelinda sikio na pafu, yaani milango ambayo kelele na vumbi huingilia. Kilicho nyuma ya milango, moyo na mishipa, kinahesabiwa mambo yako ya nyumbani: chakula chako, ukoo wako, mke wako, madeni yako. Mtu akipooza upande mmoja saa kumi jioni, kitandani kwake, hakuna atakayekwenda kuangalia alikuwa wapi saa nne asubuhi.

Na bado swali la shemeji limesimama. Nitalithibitishaje?

Jumatano, 19 Machi

Opareta amekuja. Nilimwanzishia vidonge viwili, amlodipini na kile cha kuongeza mkojo. Cha mkojo amekiacha. "Sista, kule kwenye jua nakojoa nini? Maji yenyewe nayanunua." Hakunificha, na sikumgombeza. Mtu anayetoka jasho hivyo kutwa, kidonge kinachomkausha zaidi si cha kumng'ang'anizia. Nimekibadilisha.

Halafu akatoa mfukoni mwa shati karatasi ya vidonge vya maumivu, nusu imeliwa. Diklofenaki. Anakunywa asubuhi na jioni kwa ajili ya mgongo, ananunua dukani kwa rejareja, na wapakiaji wote wanafanya hivyo hivyo. Dawa za jamii hiyo hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na huweza kuivunja nguvu dawa ya presha unayompa mtu. Kwa hiyo mimi nashusha, duka linapandisha.

Na kuna muguka, yale majani ya kutafuna. Mwezi wa Mei mwaka jana Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku, mahakama ikasimamisha marufuku, na majani yakaendelea kuuzwa. Muguka unakaza moyo na kupandisha presha, hilo halina ubishi. Timboni wanalipwa kwa hesabu ya mawe, na mtu aliyechoka hahesabu mengi. Opareta anasema mwezi huu anatafuna usiku, baada ya tarawehe.

Nilipomsimulia mwenzangu wa kliniki akasema, basi umepata jibu, ni muguka na vidonge, acha kusingizia mashine. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kurudi. Vidonge anakunywa kwa sababu ya mgongo, na mgongo umeharibiwa na mawe. Muguka anatafuna ili amudu zamu. Chumvi: uji na mhogo wa kukaanga wa pale timboni una chumvi ya kumwaga, kwani mtu anayetoka jasho huitamani. Usingizi hana kwa kuwa masikio yanalia usiku. Ukiyavuta yote haya, kamba inarudi mahali pamoja.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya usalama na afya kazini duniani. Shemeji aliniahidi kuja kuliona timbo, na leo ametimiza: tumekwenda naye, kirafiki, bila barua. Mwenye timbo alitupokea vizuri na akamtuma kijana atuangulie madafu.

Shemeji alianza na vumbi, kwa hekima, kwani kelele ingemfanya mwenye timbo adhani anashtakiwa. Dawa ya vumbi la msumeno ni maji: mfereji mdogo unaodondoshea pale pale jino linapogusa jiwe, na vumbi linageuka tope kabla halijapaa. Mwenye timbo anajua. "Maji nitatoa wapi, bwana?" Hapa ndipo mazungumzo yote ya vumbi huku kwetu yanapokwama. Kusini tunategemea visima vya Tiwi, na chemchemi za Marere huko Shimba Hills zimekuwa zikipelekwa Mombasa tangu enzi za ukoloni. Timbo halina mfereji. Maji huja kwa boza, na kila boza ni pesa inayotolewa kwenye bei ya jiwe. Shemeji akashauri bwawa dogo la kutwamisha tope ili maji yatumike tena na tena. Likaandikwa kwenye karatasi ya sigara. Tutaona.

Kelele: vifuniko vya masikio kwa opareta na wawili walio karibu naye, na kupokezana, asisimame mtu mmoja zamu nzima. Vifuniko akakubali, ni bei ya mawe machache. Kupokezana akakataa katakata, kwani mashine ikimwona mgeni inavunjika meno.

Njiani shemeji akasema jambo la kutafakari. Jiwe letu la matumbawe ni chokaa, lina silika kidogo. Ingekuwa yale mawe bapa ya Mazeras, yanayotandazwa kwenye varanda za hoteli, hayo ni mawe ya mchanga, yamejaa kwazi, na vumbi la kwazi linakata mapafu. Silika ya namna hiyo imewekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC kwenye kundi la kwanza la visababishi tangu 1997. Anayeyakata kwa grenda bila maji yuko pabaya kuliko opareta wetu. Kwa mapafu, ndiyo. Kwa presha, kelele ya grenda na ya msumeno sioni tofauti.

Jumapili, 4 Mei

Tumepeleka watoto ufukweni, mlangoni mwa mto Mwachema, tukaswali adhuhuri katika Msikiti wa Kongo. Kuta za mawe ya bahari na chokaa, zimekaa karne kadhaa chini ya mibuyu. Mashine hazikuwapo, walichonga kwa mkono. Vumbi walilila hata hao, na aliyeichoma chokaa alikula moshi wake. Mume wangu ananiambia siwezi tena kutazama ukuta bila kumpima presha fundi wake.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya presha duniani. Tulitandaza meza Ukunda, karibu na stendi ya matatu. Hema, mabango, fulana. Redio za matatu zikishindana, na mimi nawaambia watu wakae kimya dakika tano.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Leo wengi waliokaa kwenye kiti changu walikuwa wa hao. Vijana wa bodaboda wanakuja kwa mzaha, wanasukumana, kisha mkanda unapobana wananyamaza.

Afisa mmoja kijana wa afya ya umma, msomaji sana, alinikabili kuhusu kelele. Akasema mwaka 2021 WHO na shirika la kazi ILO walipitia tafiti zote walizozipata juu ya kelele kazini, na kwa upande wa presha wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi. Ni kweli, nimeisoma. Nikamjibu kwamba wenziwe wa taasisi ya afya kazini ya Marekani, mwaka 2018, walikadiria kuwa kwa wafanyakazi wa kule takriban asilimia 14 ya presha ya juu ingeweza kuhusishwa na kelele ya kazini. Akasema hayo ni makadirio ya watu walioulizwa mara moja tu, hawakufuatwa miaka. Na hapo naye ana haki. Tukaachana vizuri.

Lakini "hautoshi" huandikwa juu ya yale yaliyopimwa. Na waliopimwa ni watu wa viwanda vyenye ofisi ya wafanyakazi, faili, na daktari wa kampuni. Kibarua anayelipwa kwa jiwe, anayehama timbo kila baada ya miezi, hayumo katika faili la mtu. Akiugua anaacha kazi, na wanaobaki mbele ya mashine ni wale wenye mishipa imara, kisha anakuja mtafiti anawapima waliobaki na kusema hawana neno. Hilo ningemwambia kijana yule, likanijia nikiwa jikoni.

Jambo la pili ni ukubwa wa namba. Kinachosemwa kwa kelele ni nyongeza ya milimita chache tu za presha. Mtu mmoja, milimita mbili si kitu, hata mimi hubadilika zaidi ya hapo nikipandisha ngazi. Kwa umma ni habari nyingine. Uchambuzi mkubwa wa 2002, watu wapatao milioni moja katika tafiti 61, ulionyesha kuwa ukishusha namba ya juu ya presha ya watu wa makamo kwa milimita mbili tu, vifo vya kiharusi vinapungua kwa karibu asilimia kumi.

Jumanne, 20 Mei

"Bwana Masikio" amerudi kwa miadi yake. 134 kwa 86. Februari ilikuwa 128 kwa 82. Tofauti hiyo ni ndogo, inaweza kuwa usingizi, inaweza kuwa matatu aliyopanda. Amenunua viziba vyake mwenyewe Mombasa, vya mpira wa povu, anavifinya kwa vidole na kuvisubiri vivimbe ndani ya sikio. Sasa wawili wengine wamemwomba awaletee. Bima ya SHA hajalipa, anasema wanaotaka ulipe mwaka mzima kwa mkupuo hawajui kibarua ni nini.

Alhamisi, 12 Juni

Mashine ya timbo imeharibika, injini, na vipuri vinangojwa toka Nairobi. Wiki ya tatu hii shimo liko kimya. Nilipopata habari niliruka kwa furaha, na nikaona haya kufurahia njaa ya watu. Lakini ndilo jaribio ambalo nisingeweza kuliomba: watu wale wale, nyumba zile zile, dawa zile zile, kelele na vumbi vimetoka. Nikamtuma dada yetu awaite.

Wamekuja saba. Watano wameshuka. Opareta, 142 kwa 90, naye tangu Januari hajawahi kuniandikisha chini ya 150. Yule wa 29, 132 kwa 84. Mpakiaji mmoja yuko pale pale, mmoja amepanda.

Nikaanza kumwuliza opareta, na jaribio likaanza kubomoka mkononi. Muguka? Hana pesa ya muguka, ameacha tangu mashine ife. Vidonge vya mgongo? Mgongo umepumzika, hanunui. Usingizi? Analala mpaka saa mbili, mkewe anamlalamikia. Uji wa timboni hali tena, anakula nyumbani. Yule aliyepanda ndiye mwenye deni kubwa dukani, na mwenye duka alimfuata hadi msikitini. Kila kitu kimetoka pamoja na mashine, na mimi nataka kujua ni kipi kilichoshusha.

Opareta alinisikiliza nikilalamika, akajifunga mkono wa shati. "Sasa wewe Sista wataka kunirudishia muguka na mgongo ili upate hesabu yako?"

Tukacheka wote. Hata hivyo nimezipeleka namba, pamoja na ile safu ya kazi, kwa bosi wetu wa kaunti ndogo, na nimemwandikia waziwazi yaliyochanganyika. Ameomba nakala ya daftari zima. Shemeji anasema vifuniko vya masikio vimefika, viko sandukuni ofisini kwa mwenye timbo, bwawa la tope bado halijachimbwa.

Vipuri vimepatikana. Mashine inawaka Jumatatu. Nimewaambia wote saba waje Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya zamu, wakiwa hawajatafuna wala kumeza kitu, na dada yetu atapita kuwaamsha.